Mashine ya mshtuko tumeiona, kiwanda bado kinatafutwa

Katikati ya Desemba 2004 chombo cha Voyager 1 kilivuka mpaka ambao wanafizikia walikuwa wakiusubiri tangu kiliporushwa mwaka 1977. Kilikuwa mbali nasi mara 94 ya umbali ulio kati ya Dunia na Jua. Hapo ndipo upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe unaotoka kwenye Jua, baada ya kukimbia kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, unapopunguza mwendo ghafla na kusongamana. Saa yenyewe ya kuvuka hakuna antena duniani iliyokuwa ikisikiliza. Mawasiliano yaliporejea, chombo kilikuwa kimeshafika upande wa pili. Hata hivyo vipimo vya kabla na vya baada vilitosha kuleta habari ambayo wengi hawakuitarajia. Kundi moja la chembe zenye nishati kubwa, ambazo vitabu vilisema zinapikwa pale pale mpakani, halikufurika pale. Chembe hizo ziliendelea kuongezeka kadiri Voyager ilivyozidi kusonga mbele na kuuacha mpaka nyuma yake.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kimenifundisha namna ya kusoma habari zote za miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazotufikia kutoka angani, na za mawimbi ya mshtuko. Tunaambiwa kwa ufupi kwamba nyota ikilipuka wimbi la mshtuko husukuma chembe mpaka zikaribie kasi ya nuru, na habari imekwisha. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo naikubali bila shaka yoyote: wimbi la mshtuko huongeza kasi ya chembe, na jinsi linavyofanya ni kati ya mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kujifunza katika fizikia. Nusu ya pili, kwamba tumeshamjua mwenye kazi ni nani, imesemwa kabla ya wakati wake.

Wimbi la mshtuko lenyewe unaweza kuliona nyumbani. Chukua sinia la bati, uliweke chini ya bomba, ufungue maji kiasi. Maji yakigonga sinia yanatawanyika kama utando mwembamba unaokimbia pande zote. Kisha, kwenye duara moja, yanavimba ghafla na mwendo unapungua. Ingiza ncha ya kidole nje ya duara: vijiwimbi vinatawanyika kila upande, hata kurudi kuelekea bomba. Ingiza kidole ndani ya duara: maji yanachanika mbele ya kidole na kuacha mkia nyuma yake, wala hakuna kijiwimbi kinachoweza kupanda juu ya mkondo. Ndani ya duara maji yanakimbia kuliko habari inayosafiri juu yake. Nje yameshapungua, habari inawahi. Ule ukingo uliovimba ndio mshtuko, na mpaka aliouvuka Voyager ni ukingo wa namna hiyo, ila umefunika sayari zote za jua letu.

Tofauti moja ni kubwa, na ndiyo inayobeba hoja yote. Hewani molekuli haiendi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine. Mshtuko wa hewa, kama ule wa ndege inayopita kasi ya sauti, unajengwa na migongano hiyo. Angani kati ya nyota, ndani ya sentimita moja ya ujazo, unaweza kukuta atomu moja tu. Chembe inaweza kusafiri miaka mingi bila kugusa nyingine. Kwa hesabu ya kawaida gesi mbili za namna hiyo zingepishana tu bila kusalimiana. Lakini gesi hiyo imechanganuka ikawa plazma, chembe zake zina chaji, na ndani yake kuna uga wa sumaku. Huo uga ndio unaozishika, kuzizungusha na kuzirudisha. Ni mshtuko usio na migongano.

Na kwa sababu hakuna migongano, hakuna kugawana. Hewani, molekuli ikipata nishati ya ziada huimaliza kwenye mgongano unaofuata, kama mshahara wa mtu mwenye ndugu wengi: haufiki jioni. Angani chembe iliyopata haina jirani wa karibu wa kuiomba. Inabaki na chake, na ikirudi kwenye wimbi inaongezewa kingine. Mamilioni ya chembe hupata joto la kawaida, na chache mno hupata utajiri usiomithilika. Hizo chache ndizo miale ya kosmiki.

Kwamba miale hiyo ipo tunajua tangu tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess alipopanda kwa puto mpaka zaidi ya mita 5,000 na kukuta mnururisho unaongezeka badala ya kupungua. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kwamba inatoka kwenye supanova, yaani mlipuko wa nyota. Lakini kusema inatoka wapi si kusema inatengenezwaje, na swali la "inatengenezwaje" lilisubiri mpaka 1949, Enrico Fermi alipolichukua.

Fermi aliwaza mawingu ya sumaku yanayotangatanga ndani ya galaksi. Chembe ikigongana na wingu linalokuja, inarudishwa na nishati zaidi. Ikilifuata wingu linalokwenda zake, inapoteza. Kwa kuwa kukutana uso kwa uso hutokea mara nyingi kidogo kuliko kufukuzana, mwishowe chembe inabaki na faida. Wazo ni sahihi, faida ndiyo haba: mapato na hasara karibu yanafutana, na kinachobaki ni kidogo mno kueleza wingi wa miale tunayoipima. Fermi alikuwa ameshika mzizi, lakini kwenye mti usiozaa.

Ufumbuzi ulikuja kati ya 1977 na 1978, na ulikuja kwa watu kadhaa waliofanya kazi mbalimbali bila kushauriana: Krymsky kule Umoja wa Kisovyeti, Axford, Leer na Skadron, Bell kule Uingereza, Blandford na Ostriker kule Marekani. Wote waliona jambo moja. Weka chembe kwenye wimbi la mshtuko, na hasara za Fermi zinatoweka.

Hapa inafaa twende polepole, kwa namba. Tuseme wimbi linakimbia kilomita 5,000 kwa sekunde, mwendo unaofaa kwa mabaki ya nyota iliyolipuka karne chache zilizopita. Gesi iliyopitiwa na wimbi inasongamana mara nne, na inaburutwa nyuma ya wimbi kwa robo tatu ya mwendo huo, yaani kilomita 3,750. Sasa chukua protoni iliyo mbele ya wimbi, kwenye gesi iliyotulia. Kwake yeye, ile gesi ya nyuma ni ukuta wa sumaku unaomjia kwa kilomita 3,750 kwa sekunde. Anavuka, anazungushwa huko, na kwa muda anakuwa mwenyeji wa upande wa nyuma. Mwenyeji wa nyuma akitazama mbele anaona nini? Anaona gesi iliyotulia ndiyo inayomjia, kwa kilomita zile zile 3,750. Akirudi mbele, anakutana tena na ukuta unaokuja. Kila akivuka, kutoka upande wowote, anamkuta anayekuja. Hakuna hata mara moja anapomkuta anayemkimbia.

Kwa mwendo tuliouchukua, kila mzunguko wa kwenda na kurudi unaongeza nishati kama asilimia 1.7. Ni kidogo. Lakini baada ya mizunguko 42 hivi nishati imekuwa maradufu, na baada ya 420 imefika mara elfu. Upande mwingine, gesi ya nyuma inaendelea kubaki nyuma, na katika kila mzunguko baadhi ya chembe zinachukuliwa na mkondo huo zisirudi tena. Ni ngapi? Ni asilimia 1.7.

Nilipofika hapo kwenye hesabu kwa mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Faida na upotevu ni sawasawa, na si kwa bahati ya mwendo wa kilomita 5,000. Ukichukua wimbi lenye kasi mara mbili, yote mawili yanaongezeka mara mbili. Ndiyo maana matokeo hayategemei wimbi hili au lile, ilimradi liwe na nguvu. Ukitaka chembe zenye nishati mara kumi, utabaki na moja ya kumi. Ukitaka mara mia, moja ya mia. Miale inayofika duniani inapungua kwa kasi zaidi ya hapo: nishati ikipanda mara kumi, idadi inashuka karibu mara hamsini. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaelezwa na safari yenyewe, kwa kuwa chembe zenye nguvu zaidi huvuja upesi zaidi kutoka kwenye galaksi yetu.

Kwa hiyo mashine ipo na hesabu yake imenyooka. Kuna tatizo la mlangoni, hata hivyo, na waandishi wengi hulipita kimya. Ili chembe icheze mchezo huu wa kwenda na kurudi lazima iwe na kasi ya kutosha kuvuka ukingo wa wimbi bila kunaswa ndani yake. Nani anaipa hiyo kasi ya kwanza? Kwa protoni majibu yapo kiasi: baadhi hurushwa mbele na wimbi lenyewe kwa mpigo mmoja. Kwa elektroni, ambazo ni nyepesi zaidi ya mara 1,800, mlango ni mwembamba mno. Ndiyo maana naona kipimo cha chombo cha Cassini cha tarehe 3 Februari 2007 kuwa cha thamani kubwa. Siku ile chombo kilipita kwenye mshtuko ulio mbele ya sayari ya Zohali wakati upepo wa jua ulikuwa umeufanya kuwa mkali kupita kawaida, mkali wa kufanana na ule wa mabaki ya supanova, na kikakuta elektroni zimeongezwa kasi hata mahali ambapo mpangilio wa sumaku ulidhaniwa hauruhusu. Chombo kimoja, siku moja, kimetuambia juu ya mlango ule mambo ambayo darubini haiwezi kuyaona kutoka mbali.

Tatizo la pili ni dari. Mwaka 1983 Lagage na Cesarsky walionyesha kwamba kwa uga wa sumaku wa kawaida wa anga za kati ya nyota, mabaki ya supanova yanaishia kwenye elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni 100 hivi. Miale inayotufikia inaendelea bila kukatika mpaka karibu trilioni 3,000, kwenye mkunjo ambao wataalamu wanauita goti, na ndipo inaanza kupungua kwa kasi zaidi. Dari lilikuwa chini mno. Mwaka 2004 Bell, yule yule wa 1978, alionyesha njia ya kulipandisha: chembe zinazokimbia mbele ya wimbi ni mkondo wa umeme, na mkondo huo unasokota na kukuza uga wa sumaku unaopita ndani yake. Chembe zinajijengea zenyewe kuta za kuzirudisha. Picha za eksirei za darubini ya Chandra zinaunga mkono jambo hili, kwa sababu kingo za mabaki kadhaa zinang'aa kama nyuzi nyembamba sana. Elektroni zinapoteza nishati upesi mno, na hilo linadai uga wenye nguvu mara nyingi kuliko wa kawaida.

Ushahidi wa macho ulianzia mbali. Mwaka 1006 nyota mpya iliwaka kusini, na tabibu Ali ibn Ridwan aliyekulia Misri aliiandika: iliipita Zuhura kwa ukubwa machoni, na upeo wa mbingu uliangazwa nayo. Mabaki yake leo ni tufe la gesi lililo umbali wa miaka nuru kama 7,000. Mwaka 1995 setilaiti ya Kijapani ASCA ilionyesha kwamba eksirei za kingo zake mbili hazitokani na joto, bali na elektroni zilizofikia takriban elektronivolti trilioni 100 zikizunguka kwenye uga wa sumaku. Halafu zikaja darubini za H.E.S.S. kule Namibia, kwenye nyanda za juu za Khomas, mita 1,800 juu ya bahari. Mwaka 2004 zilitoa picha ya kwanza ya ganda la mabaki ya supanova kwa miale ya gama, nuru yenye nishati kuliko hata eksirei. Ganda lilionekana waziwazi, na picha hiyo ilipigwa kutoka ardhi ya Afrika.

Lakini elektroni si protoni, na karibu miale yote ya kosmiki ni protoni na viini vya atomu. Miale ya gama inaweza kutoka kwa elektroni vilevile. Ili kumshika protoni inabidi kutafuta alama yake: akigonga gesi anazaa chembe iitwayo pioni, nayo inavunjika kuwa miale miwili ya gama, na hapo mwanga hupungua ghafla kwenye nishati ya chini kwa namna ambayo elektroni haziigi kwa urahisi. Alama hiyo ilionekana kwanza kwenye mabaki yaitwayo W44, mwaka 2011, na setilaiti ya Kiitaliano AGILE. Mwaka 2013 darubini ya angani iitwayo Fermi, kwa jina la yule yule wa 1949, iliithibitisha kwenye W44 na kwenye IC 443.

Data za AGILE zilishuka duniani kupitia antena za Malindi. Nalisema hili kwa makusudi. Pwani ya Kenya imekuwa ndani ya utafiti huu tangu tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ambapo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa elimu ya nyota kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na ndani yake mna mabaki ya supanova ambayo leo tunayatumia kupima nadharia hizi. Ukisimama ufukweni Ngomeni majukwaa yale yanaonekana kule mbele, yamesimama kwa miguu ya chuma, mashua za wavuvi zikipita. Mtoto wa pale anastahili kuambiwa darasani kilichorushwa kutoka mbele ya nyumbani kwao, na kwa nini kilikuwa na maana, wala si jina lake peke yake.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu. W44 na IC 443 ni mabaki ya wazee wa maelfu ya miaka, mawimbi yake yamechoka, na protoni zilizoonekana humo ziko mbali sana chini ya goti. Tungetarajia kijana afanye vizuri zaidi. Cassiopeia A ndiye kijana huyo, nuru ya mlipuko wake ilitufikia miaka kama 350 iliyopita. Mwaka 2017 darubini za MAGIC, kisiwani La Palma, zilionyesha kwamba miale yake ya gama inakatika karibu na elektronivolti trilioni 3.5, maana yake protoni zake zinaishia kwenye trilioni kumi hivi. Goti liko mara mia kadhaa juu ya hapo. Kisha mwaka 2021 kituo cha LHAASO, kwenye milima ya Sichuan nchini China, kilitangaza vyanzo 12 vinavyotoa miale ya gama inayozidi trilioni 100, na mmoja ukafika trilioni 1,400 kutoka upande wa kundinyota la Cygnus. Kule Cygnus kinachojitokeza zaidi si mabaki ya supanova. Ni kundi la nyota changa na kubwa ambazo pepo zake zinavuma kwa pamoja kwa mamilioni ya miaka.

Watetezi wa supanova wana jibu, nami nalipa uzito wake. Wanasema nishati ya juu kabisa hufikiwa katika miaka ya mwanzo tu baada ya mlipuko, hasa ikiwa nyota ilikuwa imezungukwa na gesi nzito iliyoitoa yenyewe kabla ya kufa. Cassiopeia A basi amechelewa kupimwa. Inawezekana. Hesabu ya jumla pia iko upande wao: supanova mbili au tatu kwa karne katika galaksi yetu, kila moja ikitoa moja ya kumi tu ya nguvu ya mlipuko wake kwa chembe, zinatosha kulipia miale yote ya kosmiki ya galaksi. Lakini kutosha kwa fedha si ushahidi wa risiti. Kwa sehemu kubwa ya miale, ile ya nishati ya chini, nakubali supanova ndiye anayelipa. Kwa ile ya karibu na goti naona tulishikilia jibu moja muda mrefu kwa sababu lilikuwa zuri, tukaacha kuangalia penye pepo za nyota changa, ambapo kuna mshtuko wa aina ile ile ya sinia: upepo unatoka katikati, unakimbia, unavimba ukingoni. Mshtuko huo hauishi kwa karne chache. Unadumu muda wote nyota zinapovuma.

Na hapa Voyager anarudi. Kwa nini chembe hazikufurika mahali alipovukia? Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni ya McComas na Schwadron, ya mwaka 2006: ukingo wa upepo wa jua si tufe kamili, umebonyea mbele, na uga wa sumaku unaugusa kwanza puani, yaani sehemu ya mbele, kisha ubavuni. Puani chembe hazipati muda wa kutosha wa kwenda na kurudi. Kazi inafanyika ubavuni, ambako muunganiko na ukingo ni wa muda mrefu. Voyager 1 alipita puani. Nadharia ya 1978 haikukosea. Ilichora ukingo ulionyooka, usio na mwanzo wala mwisho, na ukingo wa kweli una umbo na una umri. Kama umbo na umri vinabadilisha matokeo hapa kwetu, ambapo chombo kinapita na kupima, sioni kwa nini visibadilishe kule ambako tunatazama kwa mbali.

Voyager 1 alitoka kabisa kwenye upepo wa jua Agosti 2012. Tangu hapo anahesabu protoni za galaksi zisizopunguzwa na jua, na ujumbe wake unachukua karibu siku nzima kutufikia. Kila protoni anayoihesabu imezungushwa na sumaku za galaksi kwa muda mrefu kiasi kwamba upande iliotokea hauna maana tena. Tunajua muda huo kwa sababu kati ya miale ya kosmiki kuna beriliamu-10, inayooza nusu yake kwa miaka milioni 1.4, na kiasi kilichosalia kinaonyesha safari ya kama miaka milioni 15. Mabaki ya supanova hudumu makumi ya maelfu ya miaka, kisha yanachanganyika na gesi inayoyazunguka. Wimbi lililoirusha protoni hiyo, liwe la supanova au la pepo za nyota changa, lilishatulia zamani.